Kulazwa si kulala

Kuweweseka kwa wagonjwa mahututi kunahusishwa na vifo, na wengi wanaopona hubaki na kovu kwenye akili. Sehemu ya kinga yake haiuzwi duka la dawa.

SISTA alipiga simu saa tisa kasoro robo usiku.

"Kaka, samahani kwa usiku huu. Mzee anataka kushuka kitandani, ameshachomoa dripu mara mbili. Njoo, labda akiona sura ya nyumbani atatulia."

Mjomba wangu alikuwa na usiku wa nne katika chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) cha hospitali moja jijini Dar es Salaam. Alikuwa amepasuliwa tumbo baada ya usaha kusambaa ndani. Ni mwalimu mstaafu. Kwa zaidi ya miaka 30 alifundisha hesabu katika shule za msingi mkoani Tanga, na mpaka leo akipewa risiti dukani huijumlisha upya kwa kichwa kabla ya kutoa hela.

Nilimkuta amefungwa mikono kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda, macho mekundu yamekodolea dari. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi. Taa za tyubu zilikuwa zinawaka zote.

"Shikamoo mjomba."

"Kengele imelia," akasema bila kunitazama. "Watoto wako mstarini na wewe umesimama tu. Nifungue nikafundishe."

Kengele ilikuwa inalia kweli. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amechomoka kidole kwenye kibanio cha kupimia oksijeni, na monita yake inapiga kelele. Ilipotulia hiyo, ikaanza pampu ya dawa upande wa dirishani. Katika shule alizofundisha mjomba, kengele ilikuwa rimu la lori lililotundikwa kwenye mwembe, likigongwa kwa nati kubwa. Sasa ilikuwa inalia kila baada ya dakika chache, usiku kucha, na yeye mwalimu wa zamu amefungwa kitandani.

Mama mdogo, niliyekuja naye, alikuwa ameshapata jibu. "Huyu kachezewa," alininong'oneza koridoni, tasbihi mkononi. "Mwalimu hawezi kuzungumza vile."

Sista alimsikia. Usiku ule alikuwa na wagonjwa wanne peke yake. "Hajachezewa, mama," alisema taratibu. "Hajalala. Tangu Jumamosi sijamwona akilala hata saa moja mfululizo."

Neno tulilonalo

Kiswahili kina neno la hali ile: kuweweseka. Tunalitumia kwa mtoto mwenye homa anayepayuka usiku, na kwa mtu mzima anayeongea na kutapatapa usingizini. Madaktari husema deliriamu. Neno letu limebeba jambo ambalo hospitali zimechelewa kulipa uzito: usingizi ulioharibika na akili iliyopotea njia hukaa kitanda kimoja.

Deliriamu si wazimu, wala si usahaulifu wa uzeeni unaokuja polepole kwa miaka. Huingia kwa saa chache au siku chache, hupanda na kushuka, na alama yake kuu ni mtu kushindwa kushika jambo moja akilini. Asubuhi anakutambua, jioni anakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Ina sura mbili kuu. Moja ni ile ya mjomba, ya kuchomoa mirija na kugombana na manesi. Ya pili ni ya ukimya: mgonjwa amelala macho wazi, haulizi, hadai, hajibu. Ndugu hufurahi wakasema leo ametulia. Sura hii ya pili ni ya kawaida sana, hasa kwa wazee, na ndiyo inayopita bila kuonwa.

Kuigundua hakuhitaji mashine. Tangu 2001 kuna kipimo cha dakika chache ambacho kinamfaa hata mgonjwa mwenye mpira kooni asiyeweza kusema. Mhudumu anamsomea herufi kumi, moja moja, na kumwomba abane mkono wake kila anaposikia A. Kisha yanafuata maswali mepesi ya ndiyo na hapana: jiwe linaelea majini? Baharini kuna samaki? Sista alimpima mjomba mbele yangu. Mwalimu wa hesabu alibana mkono mara moja, kwa herufi isiyokuwa A, halafu akasahau kwamba ameombwa jambo.

Kovu lisiloonekana

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliichukulia hali hii kama kero ya kupita. Mgonjwa akipona mapafu, akili itafuata. Waliobomoa dhana hiyo ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilichoko Nashville, Marekani, wakiongozwa na Dk. Wes Ely.

Mwaka 2004 walichapisha matokeo ya wagonjwa 224 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Zaidi ya wanane katika kila kumi walipata deliriamu. Ndani ya miezi sita, asilimia 34 ya walioweweseka walikuwa wamefariki dunia, dhidi ya asilimia 15 ya wale ambao hawakuweweseka.

Miaka tisa baadaye waliwafuatilia wagonjwa 821, na safari hii waliwapima akili waliopona. Mwaka mmoja baada ya kutoka hospitali, mmoja kati ya watatu alikuwa na uwezo wa kufikiri kama wa mtu aliyepata jeraha la kichwa la kiwango cha kati. Karibu mmoja kati ya wanne alifanana na mgonjwa wa Alzheimer's ya hatua za mwanzo. Vijana hawakusalimika, na kadiri mtu alivyoweweseka siku nyingi ndivyo alivyopungukiwa zaidi.

> Asubuhi anakutambua, jioni anakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Haya si ya Wamarekani peke yao. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa 2015 uliwapima wagonjwa 160 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Nusu yao walipata deliriamu.

Kinachoiwasha ni vitu vingi kwa pamoja: maambukizi, upungufu wa oksijeni, chumvi za damu kuyumba, maumivu, kuacha pombe ghafla, baadhi ya dawa. Kukosa usingizi ni kimoja tu katika orodha hiyo, na wataalamu bado wanabishana kama ndiko kunakoleta kuweweseka au ni kuweweseka kunakofukuza usingizi. Yaelekea kila kimoja humsukuma mwenzake. Lakini maambukizi mara nyingi mgonjwa huja nayo kutoka nyumbani. Usingizi wake tunamnyang'anya sisi, ndani ya chumba tulichomwingiza ili apone.

Usiku unavyoliwa

Tunasema mgonjwa kalazwa. Waliowabandika wagonjwa mahututi waya za kupima mawimbi ya ubongo wanatuambia kulazwa huko hakuna kulala. Ukijumlisha saa zao za usingizi zinaweza hata kufika saba au nane, ila zimekatwakatwa vipande vya dakika chache, na karibu nusu zinaangukia mchana. Usingizi wao ni ule mwepesi wa kusinzia kwenye daladala. Ule mzito, unaoupa ubongo nafasi ya kujitengeneza, karibu haupo.

Hapa kuna kosa ambalo hata sisi ndugu tunalifanya. Tunamwona mgonjwa amechomwa sindano ya kumtuliza, amefumba macho, tunasema angalau amelala. Dawa nyingi za kutuliza, hasa za jamii ya diazepamu na midazolamu, humzimisha mtu bila kumpa usingizi mzito wa kweli. Na zenyewe ziko katika orodha ya visababishi vya deliriamu.

Kelele ni nusu ya kisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilitaka vyumba vya wagonjwa usiku visizidi desibeli 30, yaani kiwango cha mnong'ono. Vyumba vya wagonjwa mahututi vilivyopimwa sehemu mbalimbali duniani huvuka 50, na wakati mwingine 60. Nilikaa pale nikazihesabu sauti moja moja. Mfuniko wa ndoo ya taka unaofunguliwa kwa pedali ukiachiwa: pa! Toroli lenye gurudumu moja bovu. Redio ya mlinzi. Soga za zamu. Plastiki ya sirinji ikichanwa, na hiyo, ukiwa kimya, inasikika chumba kizima.

Nusu ya pili ni mikono. Watafiti wa Marekani walichunguza usiku 147 katika vyumba hivi na matokeo yao yakatoka 2004. Kwa wastani mgonjwa alifikiwa kwa huduma mara 43 kwa usiku mmoja: presha, damu, dawa, kugeuzwa, picha ya eksirei. Katika usiku wote huo, ni asilimia 6 tu ambazo mgonjwa alipata saa mbili hadi tatu bila kuguswa. Na zaidi ya nusu ya kuogeshwa kwa kila siku kulifanyika kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Nilipolisoma hilo la kuoga nilishtuka, kisha nikakumbuka kwamba mjomba naye alikuwa akiogeshwa saa kumi alfajiri. Hakuna ubaya wa moyo ndani yake. Zamu ya asubuhi ina msafara wa madaktari, vipimo, wagonjwa wapya kutoka chumba cha upasuaji, hivyo wa usiku wanawapunguzia wenzao mzigo. Ratiba ile inamjali mfanyakazi aliyechoka, na si haba. Ila aliyelala hakuulizwa.

Florence Nightingale aliandika sura nzima kuhusu kelele katika kitabu chake cha uuguzi cha 1859. Jambo tunalolijadili leo lina umri wa zaidi ya miaka 160.

Preston, Uingereza

Mfano ninaoupenda unatoka mji wa Preston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Madaktari na manesi wa huko hawakununua chochote cha maana. Walifunga milango. Walishusha sauti za simu na za mashine. Walipunguza taa usiku, wakapanga kazi ili mgonjwa aguswe mara moja kwa mambo matatu badala ya mara tatu kwa jambo mojamoja. Walitoa vizibo vya masikio na vitambaa vya kufunika macho. Mchana walimwambia mgonjwa ni siku gani na yuko wapi, walipunguza dawa za kutuliza, wakamkalisha na kumsimamisha mapema.

Matokeo yalichapishwa 2014. Kabla ya mpango, wagonjwa 55 kati ya 167 walipata deliriamu. Baada yake, 24 kati ya 171. Ni kutoka asilimia 33 hadi 14. Waliopata hawakukaa nayo siku tatu na zaidi kama mwanzo, bali siku moja na kidogo. Usingizi uliongezeka kwa saa mbili. Kelele za usiku zilishuka kutoka desibeli 68.8 hadi 61.8, na asidharau mtu hizo saba: kwa jinsi kipimo hicho kilivyo, nguvu ya sauti ilibaki moja ya tano ya ilivyokuwa.

Mwaka mmoja kabla, hospitali ya Johns Hopkins ya Baltimore, Marekani, ilitoa matokeo ya mpango unaofanana na huo, kwa wagonjwa 300. Deliriamu ilipungua pia. Lakini wagonjwa walipoulizwa wenyewe wamelalaje, alama walizotoa hazikubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Wenye mashaka hushikilia hapo, na wana haki.

> Hawakununua chochote cha maana. Walifunga milango.

Wenye mashaka

Hoja yao ya kwanza ni ya kisayansi. Preston na Baltimore walilinganisha kabla na baada. Hawakuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Huenda wafanyakazi walibadilika kwa kuwa tu walijua wanatazamwa. Na palipofanywa majaribio makali ya kitu kimoja kimoja, mara nyingi kitu hicho kilianguka. Uholanzi walifunga taa za dari zinazofuata mwendo wa jua, wakazijaribu kwa wagonjwa 734. Mwaka 2016 wakatangaza hazikupunguza deliriamu. Australia walijaribu melatonini, homoni ya usiku, kwa wagonjwa 850, na mwaka 2022 jibu likawa lilelile. Haloperidoli, dawa ambayo hospitali nyingi hukimbilia mgonjwa akianza fujo, ilipimwa Marekani pamoja na mwenzake ziprasidoni kwa wagonjwa 566. Mwaka 2018 ikabainika hazikufupisha siku za kuweweseka kuliko maji ya chumvi.

Mimi ninayasoma matokeo haya tofauti na wao. Kilichoanguka ni tamaa ya kupata kidonge kimoja au taa moja. Chenye matumaini ni mambo madogo mengi yanayofanywa kwa pamoja, kila usiku, na watu walewale. Vizibo vya masikio peke yake vilisaidia kidogo huko Antwerp, Ubelgiji, wagonjwa 136 walipojaribiwa, hasa vilipoanza kutumika usiku wa kwanza kabisa. Mwongozo wa wataalamu wa tiba ya mahututi wa Marekani wa 2018 umeupendekeza mpango wa jumla wa usingizi, huku ukikiri kwamba ushahidi si mzito. Kwa jambo lisilo na madhara na lisilo na bei, ushahidi wa namna hii unanitosha kuanza.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa walio kando ya kitanda cha mgonjwa. Mtu mwenye jeraha la kichwa lazima amulikwe mboni kila saa. Ukimwacha alale, damu inaweza kuvuja ubongoni nawe hujui. Asiyejigeuza lazima ageuzwe, la sivyo atapata vidonda vya mgongo. Kengele imewekwa ili ilie. Nesi anayezima kengele ili watu walale, akafiwa na mgonjwa, nani atamtetea?

Hakuna anayeomba azime. Kengele nyingi za vyumba hivi hulia bila hatari yoyote: kibanio kimechomoka, mgonjwa amekohoa, mpaka uliowekwa kiwandani haumfai mtu huyu. Kinachoombwa ni mtu kukaa dakika tano mwanzo wa zamu na kuiweka mipaka ya kila mashine kulingana na mgonjwa wake. Na kwa asiyehitaji kupimwa kila saa, daktari aandike hivyo kwenye faili. Bila maandishi ya daktari, nesi ataendelea kumwamsha mzee kumpima presha ambayo haijabadilika siku mbili, kwa sababu kisanduku kwenye chati kinataka kujazwa.

Linabaki la watu. Uingereza, kawaida ni nesi mmoja kwa kila mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Yule sista wetu alikuwa na wanne. Na wagonjwa wetu mahututi walio wengi hawafiki hata mlango wa ICU: utafiti uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ukatoka katika jarida la The Lancet mwaka 2025, ulikuta karibu saba katika kila kumi wako wodi za kawaida. Mpango wa usingizi ukiishia kwenye chumba chenye mashine, utakuwa umewafikia wachache. Kwa bahati nzuri, mlango unafungwa wodi yoyote.

Mgongo na kikombe cha moto

Zamani kidogo, 1999, hospitali ya Yale huko New Haven ilijaribu jambo kwa wazee 852 wa wodi za kawaida. Asiyepata usingizi hakupewa kidonge kwanza. Alipewa kinywaji cha moto, maziwa au chai ya majani, akasuguliwa mgongo. Asiyeona alirudishiwa miwani, asiyesikia akasaidiwa kusikia, na wote walitembezwa. Kati ya waliohudumiwa hivyo, chini kidogo ya asilimia 10 walipata deliriamu, dhidi ya asilimia 15 ya wengine.

Kikombe cha moto na mgongo. Wodi zetu zina watu wanaoweza kazi hiyo bila kufundishwa, wamejaa kwenye nyasi za nje wakisubiri saa ya kuona wagonjwa, na vyombo vya uji mikononi. ICU inawafungia mlango kwa kuhofia maambukizi, na hofu hiyo ina sababu. Brazili walijaribu kuwafungulia: ICU 36, matokeo 2019. Deliriamu haikupungua kwa maana, wala maambukizi hayakuongezeka, na hofu ya ndugu ilipungua sana. Siamini ndugu mmoja kuketi jioni, akiwa amenawa mikono, kumvua mgonjwa miwani saa tatu na kumvisha saa kumi na mbili asubuhi, ni hatari kuliko faida yake.

Usiku ule sista alituruhusu dakika kumi. Mke wa mjomba alikuwa ametukabidhi miwani ya mumewe tuje nayo. Ilikuwa imelala kabatini nyumbani tangu siku ya ambulensi. Mama mdogo, huyo huyo wa kuchezewa, alimsugua mkono kwa kidole gumba akimtajia majina ya wajukuu. Sista alimfungua bendeji mkono wa kulia. Aliweka pamba masikioni mwake, akakunja shashi safi mara nne akaiweka machoni, akazima tyubu ya juu ya kitanda. Kisha akakata plasta, akaandika kwa kalamu ya bluu na kuibandika kichwani pa kitanda: *Asiguswe saa 5 – saa 10 bila sababu.*

Asubuhi daktari wa zamu aliisoma, akachukua kalamu na kuiandika upya kwenye faili, na kusogeza dawa ya saa nane usiku iwe ya saa nne.

Sitasema plasta ilimponya. Dawa za kuua bakteria zilikuwa zimeshaanza kufanya kazi, na homa ilishuka siku hiyo hiyo. Usiku wa kwanza alilala kidogo. Wa pili, sista aliniambia, alikoroma.

Asubuhi ya siku ya saba niliingia nikamkuta ameegemezwa mto, miwani usoni, kikombe cha uji mkononi. Nilimwamkia, akaitikia. Aliutazama ukuta nyuma yangu kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama mtu anayejumlisha risiti.

"Mwambie sista," alisema, "saa yao imesimama. Tangu juzi ni saa nne na dakika kumi."